Hadubini ya USB au Hadubini ya Maabara: Ulinganisho kwa Anayetaka Kununua

Mwezi wa Julai, upepo unapopeperusha vumbi juu ya mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo mkoani Dodoma, jani la mzabibu linaweza kuwa jeupe kwa sababu tatu zisizohusiana: vumbi la barabarani, mabaki ya salfa iliyopuliziwa wiki iliyopita, au ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ambao ukiachwa hupasua punje za zabibu kabla hazijaiva. Kwa macho matupu vitu hivi vitatu hufanana mno, na nimewahi kubishana na mkulima nusu saa nzima juu ya jani moja, kila mmoja wetu akiwa na hakika yake. Anayedhani ubwiri ni vumbi hupoteza vichala, na anayedhani vumbi ni ubwiri hununua dawa asiyoihitaji. Jani hilo ndilo lililonifanya nitafute hadubini ya kuchukulika. Tangu niwe nayo mezani, walimu, mafundi simu na wanunuzi wa vito wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, kifaa hiki cha mkononi kinachochomekwa kwenye kompyuta kinaweza kuchukua nafasi ya hadubini kubwa ya maabara?

Haviwezi kubadilishana, na sababu yake si bei wala ukubwa. Tofauti iko kwenye njia ya mwanga.

Mwanga unapita au unarudi?

Katika hadubini ya maabara tuliyoizoea shuleni, mwanga hutoka chini, kwenye taa au kwenye kioo kinachoelekezwa dirishani, ukapenya kitu kinachotazamwa, ukaingia kwenye lenzi iliyo juu yake na kufika kwenye jicho. Kwa hiyo kitu hicho ni lazima kiwe chembamba na chenye kupitisha mwanga: tone la maji, ngozi ya kitunguu, damu iliyopakwa kwenye slaidi. Hadubini ya mkononi ya USB hufanya kinyume chake. Kwenye pua yake kuna duara la taa ndogo za LED, mara nyingi nane, zinazomulika uso wa kitu kutoka juu, na kamera iliyo katikati ya taa hizo hupokea mwanga unaorudi. Hiyo imeundwa kutazama nyuso za vitu visivyopenyeka, kama jani, jiwe, bodi ya simu, punje ya mtama au kitambaa.

Yeyote mwenye vifaa vyote viwili anaweza kulijaribu jambo hili kwa dakika kumi. Chukua tone la maji ya bwawa la Hombolo, uliweke kwenye slaidi, ulifunike kwa kioo chembamba na kulitazama kwa hadubini ya maabara kwa ukuzaji wa mara 100: utaona mwani wa kijani na viumbe wadogo wanaokimbia huku na huko. Tone hilo hilo, ukiliweka chini ya hadubini ya USB, litakuonyesha nukta nane nyeupe zilizopangika duara, nazo ni taa zake zenyewe zinazojitazama majini. Kisha chukua jani zima la mzabibu. Kwenye hadubini ya maabara utaona kivuli cheusi tu, mpaka ulikate kipande chembamba kwa wembe, kazi inayohitaji mkono uliozoea. Kwenye hadubini ya USB jani halihitaji maandalizi yoyote, kwani mishipa, vinyweleo na kila kilichotua juu yake vitaonekana mara moja.

Mtu akishaelewa hilo, robo tatu ya maswali ya ununuzi yamekwisha jibiwa. Yanayobaki huvurugwa na nambari iliyoandikwa kwenye boksi.

Nambari ya kwenye boksi

Hadubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu boksi lilisema mara 1600, huku hadubini ya maabara ya shule jirani ikiishia mara 1000. Nilijiona mjanja. Nilipofika nyumbani nikaweka rula mbele ya lenzi, nikainoa picha pale inapokuza zaidi, na kukuta kwamba milimita moja na sehemu sita ndiyo iliyojaza upana wote wa skrini. Skrini ya kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ina upana wa takriban milimita 345. Gawanya 345 kwa 1.6, utapata mara 215 na kidogo. Hesabu ni hiyo tu, na muuzaji hawezi kuibishia, maana rula haina upande.

Je, mara 1600 zilitoka wapi? Ukichomeka kompyuta hiyo hiyo kwenye projekta na kutupa picha ukutani kwa upana wa mita mbili, milimita 2000 ukizigawa kwa 1.6 utapata mara 1250, na ukuta ukiwa mpana zaidi utazifikia hizo 1600 na kuzipita. Lakini hakuna kitu kipya utakachokiona ukutani ambacho hakikuwa kwenye skrini. Ukuzaji umeongezeka, maelezo yamebaki yale yale, na ukisogea karibu utaona pikseli zimevimba kama matofali. Kwa hadubini inayotazamwa kupitia kamera, nambari ya ukuzaji isiyotaja ukubwa wa skrini ni nambari tupu.

Kinachofaa kuulizwa ni vitu viwili vidogo kiasi gani, vilivyokaribiana, bado vinaonekana kuwa viwili. Hapo hadubini ya maabara ina ubingwa usiopingika. Lenzi yake ya mara 40, ikiwa safi, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban nusu ya mikromita (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na lenzi ya mara 100 inayotumia mafuta hukaribia sehemu mbili za kumi za mikromita, ambao ndio mpaka uliowekwa na maumbile ya mwanga wenyewe. Hadubini ya USB yenye picha ya pikseli 1280 kwa upana, ikitazama eneo la milimita 1.6, hutumia pikseli moja kwa kila mikromita 1.25. Kwa kuwa tunahitaji angalau pikseli mbili ili kutenganisha vitu viwili, hata lenzi yake ingekuwa bora kabisa isingeshuka chini ya mikromita 2.5, na lenzi hizo ndogo za bei nafuu haziko karibu na ubora huo.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliona bakteria katika miaka ya 1670 kwa kifaa cha mkononi chenye lenzi moja tu. Lenzi bora kabisa kati ya zake zilizosalia haikuzi hata mara 300. Alikuwa na lenzi iliyotengenezwa vizuri na mwanga uliopita katikati ya tone, wala hakuwa na boksi la kuandikia nambari.

Udanganyifu wa pili uko kwenye megapikseli. Ile hadubini yangu ilitangazwa kuwa ya megapikseli 2, lakini picha zilikuwa na ukungu fulani usioisha hata ukiinoa vipi. Nilikuja kugundua kwamba kamera yake ilikuwa ya pikseli 640 kwa 480, yaani laki tatu na kidogo, na programu ndiyo iliyokuwa ikiitanua picha baada ya kuipiga. Jaribio lake ni rahisi: piga picha moja kwa kipimo kidogo na nyingine kwa kipimo kikubwa kinachotangazwa, uzikuze zote kwenye kompyuta mpaka kitu kile kile kilingane ukubwa, kisha utafute unywele au kikwaruzo ambacho kimo katika moja na hakimo katika nyingine. Usipokipata, hukununua megapikseli, umenunua maneno.

Jani jeupe, kwa karibu

Baada ya lawama hizo zote, ni haki kusema kwamba kwa kazi yangu ya bwana shamba hadubini ya USB, hata ile mbovu ya kwanza, iliishinda hadubini ya maabara tangu siku ya kwanza. Mara 50 hadi 200 za kweli ndizo zinazotosha shambani.

Vumbi la Dodoma likikuzwa mara 60 huonekana kama mchanga uliomwagwa ovyo: chembe zenye pembe, za ukubwa tofauti, nyingine zikimetameta kwa sababu ni vipande vya kwazi, madini yanayong'aa kama kioo, nazo hujikusanya kwenye mabonde ya mishipa ya jani. Salfa iliyokauka hufuata umbo la tone lililokuwa nayo, ikaacha mduara wenye ukingo mzito kuliko katikati, na rangi yake huelekea umanjano. Ubwiri unga hauna chembe za mchanga wala miduara. Una nyuzi, nyembamba kama utando wa buibui, zinazotambaa juu ya ngozi ya jani na kukatizana, na ukizima taa za hadubini na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni utaona vijiti vifupi vikiwa vimesimama, kila kimoja kikiwa na mbegu za ukungu zilizopandana kama shanga. Hiyo tochi ya ubavuni naisisitiza. Taa za duara humulika kila upande kwa usawa na hivyo hufuta vivuli, na bila kivuli kitu kilichosimama hakitofautiani na kilicholala.

Siku moja nililigeuza jani mbele ya wakulima watano waliokuwa wameizunguka kompyuta chini ya mwembe, na upande wa chini tukakuta utitiri: vijidudu vya miguu minane, visivyofika nusu milimita, vyenye madoa mawili meusi mgongoni, na kando yao mayai ya mviringo yanayong'aa kama umande. Mzee mmoja, ambaye kwa misimu miwili alikuwa akipulizia dawa ya ukungu kutibu majani yanayogeuka rangi ya shaba, aliinama mpaka kofia ikagusa skrini. "Bwana shamba," akasema, "kumbe wanatembea?" Hakuhitaji maelezo zaidi kwamba dawa ya ukungu si dawa ya kitu chenye miguu. Kwa hadubini ya maabara ningelazimika kulikata jani, na watu watano wangepanga foleni ya kuchungulia kwenye tundu moja, kila mmoja akiligusa na kuiharibu picha kwa anayefuata.

Ghalani hali ni hiyo hiyo. Mara 20 tu zinatosha kumtenganisha fukusi, mwenye mdomo mrefu uliochomoza mbele, na dumuzi, ambaye kichwa chake kimejificha chini ya kifua na sehemu yake ya nyuma imekatika kama gogo lililopigwa msumeno. Tofauti hiyo ina gharama yake. Dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyejitokeza nchini kwetu huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hastuki sana kwa kiambato kinachommaliza fukusi, ndiyo maana dawa nyingi za kuhifadhia mahindi huchanganywa viambato viwili.

Lakini kuna mahali ambapo ni lazima niweke mpaka, na mpaka huu unazihusu hadubini zote. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, uliosababisha vifo, na tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kama kifaa hiki kinaweza kusaidia kukagua mahindi. Kinaweza kuonyesha ukungu wa kijani cha manjano ulioota kwenye kiini cha punje. Sumu yenyewe haionekani kwa hadubini yoyote ya mwanga, na punje safi ya kupendeza inaweza kuwa nayo. Mahindi yanayotiliwa shaka huenda kwenye vipimo vya maabara ya kemia, wala hayapitishwi kwa kutazamwa.

Neno "mkononi" lisikudanganye

Kasoro kubwa ya hadubini ya mkononi ni mkono. Kwa ukuzaji wa mara 200, eneo zima linaloonekana ni chini ya milimita mbili, kwa hiyo mkono ukitetemeka nusu milimita tu, theluthi ya picha inakimbia. Ongeza kwamba kina cha sehemu iliyo safi machoni hakizidi sehemu ndogo ya milimita, na utaelewa kwa nini wengi hupiga picha kumi na kufuta tisa.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana boksini huwekwa stendi. Kwa bahati mbaya stendi nyingi za vifaa vya bei nafuu ni shingo ya plastiki inayopinda au kikombe chenye miguu mitatu, na zote hutikisika mtu akipita karibu na meza. Suluhisho langu limekuwa stendi ya chuma ya maabara ya kemia, ile yenye nguzo na kishikio cha kubania bureti. Inakaa imara, inapanda na kushuka, na shule nyingi za sekondari zinazo tayari. Asiyeipata amwone fundi wa kuchomelea, amtengenezee bamba zito lenye nguzo. Maoni yangu, ambayo wauzaji hawatayapenda, ni kwamba mtu mwenye hadubini ya wastani juu ya stendi nzito ataona zaidi kuliko mwenye hadubini ghali iliyo mkononi, kwa hiyo fedha za nyongeza ziende kwenye chuma kwanza.

Mgeni wa kifaa hiki hushangazwa pia na gurudumu la kunolea picha, ambalo wengi hudhani ni la kukuza. Kwenye vifaa vya bei nafuu kila sehemu ya gurudumu ina umbali wake mmoja ambapo picha hunoleka, na ukuzaji hufuata umbali huo. Kwa kawaida utapata sehemu mbili zenye manufaa: moja pua ikiwa karibu igusane na kitu, yenye ukuzaji mkubwa, na nyingine pua ikiwa imeinuliwa sentimita kadhaa, yenye ukuzaji mdogo. Ni vyema kuanza na ile ndogo, kutafuta mahali unapopataka, kisha kushuka.

Upande wa kompyuta

Hapa hadubini ya maabara haina tatizo lolote, maana haihitaji kompyuta, na ile yenye kioo cha kuakisi mwanga haihitaji hata umeme, jambo lenye uzito mkubwa kwa shule iliyo mbali na gridi. Hadubini ya USB hula umeme kidogo kutoka kwenye tundu la kompyuta, lakini kompyuta yenyewe ni lazima iwe na chaji.

Kuiunganisha ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Nyingi ya hadubini hizi hujitambulisha kwa kompyuta kama kamera ya kawaida, kwa hiyo programu ya Camera iliyomo kwenye Windows 10 na 11 huitambua bila kusakinisha chochote, na kwenye Linux zipo Cheese na guvcview. Ile sidii ndogo inayokuja boksini iache ilipo. Kompyuta nyingi za sasa hazina pa kuiingiza, na programu usiyoijua asili yake si kitu cha kukaribisha kwenye mashine ya kazi. Ukifungua programu ya kamera na kukutana na uso wako mwenyewe, usidhani hadubini imekufa: kompyuta imechagua kamera yake ya juu ya skrini, bonyeza alama ya kubadilisha kamera. Ukikutana na giza tupu, kagua kwenye mipangilio ya faragha kama programu imeruhusiwa kutumia kamera. Kitufe cha kupigia picha kilicho kwenye kifaa chenyewe mara nyingi hakitafanya kazi nje ya programu ya mtengenezaji, na si hasara, kwa sababu kukibonyeza hutikisa picha.

Faida kubwa ya kompyuta ni kupima. ImageJ, programu ya bure iliyotokana na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hukuwezesha kupiga picha ya rula, kuchora mstari juu ya milimita moja, kuiambia programu kwamba mstari huo ni milimita moja, na kuanzia hapo kupima chochote kilichopigwa kwa hali ile ile. Sharti ni moja, nalo halina msamaha: ukiligusa gurudumu la kunolea, kipimo kimekufa, piga upya picha ya rula. Mimi hufunga gurudumu kwa utepe wa karatasi nikianza kupima. Kuna vifaa vya daraja la juu, kama baadhi ya modeli za Dino-Lite kutoka Taiwan, ambavyo huijulisha programu ukuzaji uliopo kila wakati na hivyo kuondoa usumbufu huu. Mtu anayepima kila siku atafidia bei yake, ila kwa anayepima mara moja kwa mwezi rula inatosha.

Darasani, kwa fundi na kwa mnunuzi wa vito

Mwalimu mwenye wanafunzi sitini na hadubini moja ya maabara hupoteza kipindi kizima kwenye foleni, na tatizo baya zaidi ni kwamba hajui mwanafunzi anaona nini. Mwanafunzi anaweza kueleza kwa ufasaha seli ambayo kumbe ni povu la hewa, au kope zake mwenyewe. Projekta huliondoa tatizo hilo. Hata hivyo, mtaala wa baiolojia unahitaji seli, na seli za ngozi ya kitunguu hazifunzwi vizuri kwa mwanga unaorudi. Kwa shule ambayo tayari ina hadubini ya maabara, ushauri wangu si kununua hadubini ya mkononi bali kamera ya USB inayochomekwa mahali pa lenzi ya jicho. Tundu la hadubini nyingi za shule lina kipenyo cha milimita 23.2 na kamera hizo hutengenezwa kwa kipimo hicho, lakini pima kwanza. Shule isiyo na chochote, na inayoweza kununua kimoja tu, inunue ya maabara, hata kama ni ya kioo.

Fundi simu ana hoja nyingine. Kapasita za bodi za simu za leo zina urefu wa milimita 0.6 na upana wa 0.3, na kuzikagua kwa hadubini ya USB ni raha. Kuzichomea ni balaa, kwa sababu picha huchelewa kidogo kufika kwenye skrini, hivyo ncha ya kifaa cha kuchomea hufika kabla ya jicho kujua. Skrini pia haina kina, huoni kama ncha iko juu ya kapasita au imeigusa. Isitoshe, pua iko karibu mno, moshi wa lehemu hupaka lenzi na joto la bloa hulainisha plastiki. Anayechomea kila siku anahitaji hadubini ya stereo, ile ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40 na kuacha nafasi ya mikono. Anayekagua tu na kumwonyesha mteja kutu iliyoingia baada ya simu kuanguka majini, ya USB inamtosha, na mteja akiona kwa macho yake habishani na bei.

Kwa mnunuzi wa vito, awe anatazama krisopraso ya Haneti au yakuti ya Winza kule Mpwapwa, kifaa cha kwanza ni lenzi inayokunjwa ya mara 10, ambayo ndiyo kipimo cha biashara hiyo duniani, haina betri na hukaa mfukoni. Hadubini ya USB huja ya pili, kwa kuhifadhi picha na kutafuta viputo vya mviringo vinavyoisaliti chupa iliyochongwa ikauzwa kama jiwe. Rangi usiiamini kabisa. Kamera hurekebisha weupe yenyewe kila sekunde, na kijani kilichoiva cha krisopraso kinaweza kufifia au kukolea kwa kubadilisha tu kitambaa kilicho chini yake. Nukta nane za taa zitang'aa pia kwenye kila uso uliosuguliwa, ila kipande cha karatasi nyeupe kilichozungushwa puani huzituliza kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu afya sina la kurefusha. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga cha malaria kilichomo ndani yake ni sehemu ndogo tu ya upana huo. Hiyo ni kazi ya lenzi ya mara 100 yenye mafuta na mtaalamu aliyefunzwa, na tangazo lolote linalosema vinginevyo ni uongo.

Zile za Wi-Fi zinazotuma picha kwenye simu zinavutia kwa shambani, kwa sababu skrini ya kompyuta chini ya jua la saa saba la Dodoma ni kioo cha kujitazamia. Nilizojaribu zilichelewesha picha zaidi, ziliishiwa chaji mapema na kuiondoa simu kwenye intaneti muda wote zilipounganishwa. Waya mfupi wa OTG unaochomeka hadubini ya kawaida kwenye simu ya Android hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, mradi simu iukubali, na njia pekee ya kujua ni kujaribu.

Dukani, basi, nenda na kompyuta yako, rula yenye milimita, jani na sarafu. Rula itakupa ukuzaji wa kweli kwa hesabu niliyoitoa juu. Jani litaonyesha kama nyuzi na vinyweleo vinatengana au vinageuka uji, na sarafu itaonyesha kama taa zinaweza kupunguzwa mpaka maandishi yasomeke. Geuza pua uangalie kifuniko chake cha plastiki kinachopitisha mwanga, kama kinatoka na kuoshwa, kwa sababu vumbi letu hukikwaruza ndani ya miezi michache, na kifuniko kisichotoka huzeeka pamoja na kifaa. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka kabla ya kulipa, mwachie hadubini yake.